Wakili alituambia "yameisha", nikampungia mkono: kisa cha mguu wangu na lori la Soko Huria

Wakuu, heshima kwenu, mlioamka salama na mnaosoma huku mko kwenye foleni ya benki.

Humu ndani kila baada ya muda naona mtu anauliza, "Nimegongwa na gari, nitafute wakili au nimalizane nao wenyewe?" Na nyie mnamjibu kwa mkato, "Tafuta wakili."

Leo nawaletea stori ya mimi niliyetafuta.

Sitaongeza chumvi, kisa chenyewe kimeshakolea. Asiyeamini aje huku Chiwanda, aulize yule baba mwenye mguu wa mti. Ataletwa mpaka mlangoni.

Ilikuwa enzi za ruksa, soko huria ndiyo limeingia. Kabla ya hapo kahawa yetu ya Mbinga ilinunuliwa na ushirika tu. Ghafla wakamiminika matajiri na malori yao, kila mmoja anasema amekuja kumkomboa mkulima. Malori yenyewe ukiyaona unayaombea.

Mmoja wao tulimwita Soko Huria, maana hilo neno halikumwisha mdomoni. Jina lake la ubatizo naliacha, ana wajukuu na hawana kosa. Msimu wa kahawa ukiisha, lori lake lilikuwa linashusha mahindi Mbamba Bay na kupandisha dagaa.

Mimi wakati huo ni kijana wa Kitura, kule juu Mbinga. Baba Mmatengo, mama Mnyasa, kwa hiyo nina ubishi wa milimani na njaa ya samaki. Siku ya ajali nimekaa juu ya magunia ya lori hilo, nateremka kwenda kumsalimia mjomba.

Kwenye ule mteremko wa kushukia ziwani, breki zikagoma.

Dereva akapiga honi. Mpaka leo sijui alikuwa anampigia nani, maana barabara nzima tulikuwa sisi tu. Lori likalala ubavu, magunia yakaja juu yangu.

Dereva alitoka mzima, akavuka mpaka kuingia Msumbiji, na nadhani bado anakimbia. Mimi nilipelekwa hospitali ya misheni. Mguu wa kushoto ukakatwa chini ya goti.

Sasa kwa wasiotujua. Wamatengo tunalima ngolo, yaani mashimo mashimo kwenye mteremko ili mvua isibebe udongo. Ni kilimo kizuri sana kwa mwenye miguu miwili. Mwenye gongo anaingia shimo la kwanza amesimama, la pili analifikia amelala.

Sista pale hospitali akaniambia upo mguu wa bandia, unatengenezwa mbali na ni ghali, ila nikiupata nitalima. Nisipoupata nitalishwa maisha yangu yote. Kwa hiyo wakuu, shida yangu ilikuwa hiyo moja: Soko Huria alipe ule mguu.

Naye akaja mwenyewe. Kaja na katekista, gunia la mchele, na mbuzi kafungwa nje ya wodi. Akapiga magoti mbele ya baba, wodi nzima inaangalia.

"Shikamoo mzee. Nimekuja kuomba radhi."

Baba alikuwa mzee wa kanisa. Kwetu mtu akikupigia magoti hadharani, jibu lake ni moja tu, na wodi yote ilikuwa inalisubiri.

"Marahaba. Inuka, mwanangu. Yameisha."

Watu wakaitikia amina. Mbuzi akaliwa, mimi mgonjwa nikapewa maini.

Mtu yeyote wa kwetu anajua maana yake. Yameisha ni kwamba sikuchukii tena, tukikutana njiani tutasalimiana, kwenye msiba wako nitakuja. Mguu unabaki pale pale.

Tukasubiri aulete mguu. Kimya. Baba akamfuata sokoni, akamuuliza kwa upole kabisa. Soko Huria akashangaa kwa sauti ili watu wasikie.

"Mguu gani tena, mzee wangu? Si ulisema yameisha?"

Mjomba akapanda kutoka Chiwanda amefura. Akamwambia baba, "Shemeji, huyu haogopi kanisa wala mbuzi. Huyu dawa yake wakili."

Ndipo tukafunga safari ya Songea.

Wakili tuliyempata alijitambulisha kama wakili msomi. Nilidhani anatupa historia yake ya shule, kumbe ndivyo wanavyoitana. Akaniambia nipandishe suruali. Akakiangalia kile kigutu, uso ukamng'aa kama mnunuzi aliyeletewa kahawa safi.

"Kesi nzuri sana hii," akasema.

Nilifurahi, wakuu. Toka ajali ile hakuna aliyekuwa ameusifia mguu wangu.

Kuhusu malipo akasema tusihofu, tutaelewana tukishinda. Kwa sasa tumwangalie tu kidogo anapokuja Mbinga mahakamani. Kidogo chenyewe kikawa mbasa. Kama hujala mbasa wa Ziwa Nyasa aliyekaushwa vizuri, nakuombea siku moja ule. Wakili msomi alikula kwa niaba yako. Kila kesi ilipotajwa, mjomba alileta tenga.

Kesi ikaahirishwa hakimu anaumwa. Ikaahirishwa hakimu yuko semina. Ikaahirishwa kwa sababu ya mvua, na siku hiyo wakili wa Soko Huria alikuwa amefika, sisi tumefika, mvua tu ndiyo haikufika mahakamani. Samaki hawakuahirishwa hata mara moja.

Mle ndani wakili wetu na wakili wa Soko Huria walikuwa wakisemeshana Kiingereza, kila mara "mai leni frendi, mai leni frendi," kumbe ni kuitana wasomi kule kule. Baba akaninong'oneza, "Huyu Maileni ndiye shahidi wao? Mbona haji?"

Nikamwambia nadhani naye yuko semina.

Tukaenda hivyo mpaka miaka ikapita. Mwisho siku moja mawakili wote wawili wakaitwa chemba kwa hakimu, sisi tukabaki kwenye benchi nje. Wakatoka wanacheka. Wakili wetu akaja akamwekea baba mkono begani.

"Mzee wangu, yameisha."

Baba akavua kofia.

Hapa ndipo wengi huwa wanatucheka. Mbona hamkuuliza yameishaje? Wakuu, kwetu msomi akikwambia jambo limeisha, kumwuliza mara ya pili ni kama kumwambia muongo. Baba alimshika mikono yote miwili, akamshukuru mpaka machozi yakamtoka. Mimi nilikuwa nashukuru pembeni.

Tukamsindikiza nje. Lori la Soko Huria lilikuwa limewashwa, linaelekea Songea. Wakili msomi akafungua mlango akapanda mbele, pembeni ya Soko Huria mwenyewe.

Baba akaniambia, "Umeona? Kashindwa mpaka anambeba aliyemshinda."

Tukampakilia na tenga lake la mbasa. Nikasimama kwa gongo moja ili mkono mwingine nipunge. Nikapunga mpaka lori likapotea, na Soko Huria naye akanipungia, tena kwa heshima zote.

Nyumbani ikasomwa misa ya shukrani. Pombe ikapikwa, akina mama wakacheza. Baba akashuka mjini akaninunulia viatu. Jozi nzima, cha kulia na cha kushoto.

Tukasubiri mguu.

Tulipochoka, tukaenda mahakamani kuuliza. Karani alikuwa mtu mwema, alituonea huruma mapema.

"Mzee, shauri hili liliondolewa. Wakili wenu alikubali kwamba mlishamalizana hospitalini. Inasemekana wewe mwenyewe ulitamka yameisha, mbele ya katekista."

Nikamuuliza kama tunaweza kufungua upya.

"Muda umepita," akasema. Kisha akafikiri kidogo. "Labda mkamwone wakili."

Wakuu, toka siku ile mpaka baba anafariki, sikumsikia tena akilitamka hilo neno, yameisha. Watu walizoea kumwita kusuluhisha majirani, ndugu, mtu na mkewe. Aliendelea kwenda, anasikiliza, wagombanaji wanashikana mikono, wanamgeukia yeye awafungie. Anasema tu, "Nimesikia," anachukua kofia anaondoka. Alikuwa anaamini ni yeye aliyeula mguu wa mwanawe kwa neno moja. Nilimwambia si kweli mpaka nikachoka. Hilo linaniuma kuliko kigutu.

Sisemi wakili alihongwa. Sina ushahidi, na humu mawakili wamo. Nasema tu kwamba alikaa mbele.

Mimi nikahamia huku ziwani kwa wajomba, kwenye tambarare, hakuna ngolo. Fundi wa vitanda akanichongea mguu wa mti, nalima mpunga na mihogo. Si haba, watoto wamesoma. Kiatu cha kushoto ninacho bado, hakijawahi kukanyaga chini.

Juzijuzi nikapanda Mbinga kwenye msiba. Nani nakutana naye kwenye mkeka? Wakili msomi. Kazeeka, ana fimbo kama mimi, sasa wote wawili tuna miguu mitatu. Akaniangalia mguu kabla ya uso, akanitambua. Akanyoosha mkono.

"Bwana, yale yetu ya zamani... yameisha, au siyo?"

Nikamwamkia shikamoo, maana ni mkubwa kwangu na baba alinilea. Mkono wake nikaupokea.

Kisha nikamwambia, "Bado."

Akacheka akidhani natania. Watu wa pembeni nao wakacheka. Mimi nikamwangalia tu mpaka akaacha.

Funzo nililotoka nalo, wakuu: ukipata ajali, wakili tafuta, sikukatazi. Mgonjwa wako akiletewa mbuzi, mleni, lakini pembeni yake awepo mtu wa kusema wazi kwamba hii ni pole tu na mguu bado. Na wakili akikuwekea mkono begani akakwambia yameisha, muulize pale pale, bila aibu: yameisha kwa nani? Halafu angalia anaondoka na gari la nani.

Waliopitia haya njooni mseme. Mawakili nanyi karibuni, mnitukane kwa Kiswahili tu, Maileni bado hajafika.

Ila naomba sana, asije mtu chini hapo kuniandikia "pole mkuu, yameisha."