Bomba la Moshi Lililozibwa Ixelles

Siku yangu ya kwanza kazini Brussels, mwanzoni mwa miaka ya tisini, mkuu wa mafundi hakunipa hata bisibisi. Alinisimamisha mbele ya chauffe-eau, mashine ya gesi ya kupasha maji ya kuoga, akaniuliza hewa inaingilia wapi na moshi unatokea wapi. Nilitoka Lubumbashi nikijua umeme. Gesi nilifundishwa naye. Ikikosa hewa, alisema, huungua vibaya na kutoa monoksidi ya kaboni, sumu isiyo na rangi wala harufu.

Baadaye nilipangiwa mitaa ya nyuma ya barabara ya Chaussée d'Ixelles. Huko niliitwa kwa Maman Furaha, mama wa Bukavu aliyekuwa akihudumia wazee majumbani. Asubuhi ile binti yake Neema alikuwa amezimia bafuni, akakimbizwa hospitali kule Jette. Mara ngapi mama huyo alikuwa amemlalamikia mwenye nyumba kwamba wakioga vichwa vinawauma! Alijibiwa wafungue dirisha. Dirisha lenyewe lilikuwa limepigiliwa misumari.

Nilipanda juu ya paa. Walioikarabati nyumba walikuwa wameziba bomba la moshi kwa saruji, na moshi wote ulirudi bafuni. Nikafunga gesi.

Mwenye nyumba alifika amefura, akidai Waafrika wanapenda kujifungia ndani. Msimamizi wangu wa eneo, aliyefika naye, akanivuta pembeni, akanishauri nisafishe mashine, niiwashe, nisimuudhi mteja.

"Mimi siwashi," nikamwambia. "Washa wewe, halafu ukamweleze yule mama."

Hakuiwasha. Maman Furaha alikuwa amesimama mlangoni, mkoba wa kwenda hospitali mkononi.

"Papa, miye nilimuambia huyu muntu," akaniambia taratibu. "Donc, yaani mutoto wangu angekufa juu ya nini?"



Neema alipona. Bomba likazibuliwa. Kisha mwenye nyumba akawapa notisi ya kuhama, nami nikahamishiwa eneo la Uccle. Mwenye nyumba hakuulizwa chochote na mtu yeyote.

Sasa nimestaafu. Sheria inataka nyumba ya kupanga iwe na king'ora cha moshi, na bado nawasikia wenye nyumba wakinung'unika. Nao hawajui, au hawataki kujua, kwamba king'ora cha moshi hakitambui sumu ile. Inahitaji king'ora chake. Vijana mnaoshika kazi hii, msikubali kuambiwa kosa ni la mpangaji. Yeye hawezi kunusa kitu kisicho na harufu. Mwenye nyumba anaweza kumwita fundi.