Pumba za Mbwa

Jirani yangu huwapikia mbwa wake pumba za mahindi, na harufu ile ikiingia dirishani naacha kula.

Tulihamia Chamwino na mbwa wanne nyuma ya lori, juu ya magodoro yetu. Baba alisema watalinda shamba, ng'ombe wa watu wasiingie. Nchi ilikuwa tambarare kiasi kwamba ungemwona mtu anakuja muda mrefu kabla hajafika, ila hakuja mtu. Mvua ilinyesha mara mbili, ikakata. Mahindi yalikauka yakiwa yamenifika magotini.

Kazi yangu ilikuwa kuwapikia mbwa pumba kila jioni, katika sufuria yao nyeusi iliyokaa nje. Siku moja nilimkuta mama jikoni amechota pumba zilezile, anazichekecha.

"Mama, siku hizi mbwa wanachekechewa?"

Mama alimaliza kuchekecha. Alizisonga kwenye sufuria yetu, akapakua katika sahani kubwa tuliyozoea kulia wote.

"Naweni mikono," alisema.

Baba alinawa wa kwanza, bila kututazama. Mlangoni mbwa wote wanne walikuwa wameshakaa, wametulia, wanangoja chakula chao.