Mwalimu Amesema Ukariri

Kabla hajaingia darasa la nne, binti yangu alikuwa na maswali ya kuchosha. Tukiwa bandani atauliza ng'ombe anatafuna nini na majani hajapewa. Nikimenya ndizi za mtori atauliza ni nani wa kwanza kujua kwamba zinapikika. Nilikuwa namfukuza jikoni kwa mwiko. Leo ningetoa chochote aniulize tena.

Darasa la nne lina mtihani wa taifa, na shule yetu ya huku Old Moshi ilikuwa imeshaandamwa kwa wastani mbovu. Basi bustani ya shule ikaota magugu, ngoma zikafungiwa stoo, watoto wakashindiliwa mitihani ya miaka iliyopita, Jumamosi na likizo. Katika jaribio moja waliulizwa ndizi ni nini. Mwanangu akachagua "chakula". Akakosa, jibu lilikuwa "tunda". Alirudi analia, anaitazama sufuria ya mtori kama imemdanganya. Nilichukia mno. Hao watunga mtihani waje kwangu wale washibe, halafu waniambie habari za tunda.

Tangu siku hiyo hakuuliza tena kitu. Akawa anakariri tu, anakwenda mferejini kuchota maji na majibu mdomoni.

Muhula wa pili mwalimu wake akaniita. Ni mama mwenzangu, wala si mtu mbaya. Aliongea akiangalia chini.

"Mama, huyu atatushushia wastani. Mkuu anataka arudi la tatu, akariri."

"Akariri? Mwalimu, si ndicho anachofanya kutwa kucha?"

"Kukariri darasa, mama. Kurudia."

Nilicheka kwa hasira.

Nyumbani nilimkuta akikata majani ya ng'ombe. Roho iliniuma. Njia nzima nilikuwa nimetafuta neno la upole, na sasa likatoka lile lile.

"Mwanangu, mwalimu amesema ukariri."

Uso ukamng'aa. Akaweka mundu chini, akasimama wima kama yuko paredi, mikono nyuma.

"Mbona nimeshakariri, mama! Moja, B. Mbili, A. Tatu, D..."

Maswali hakuyataja. Alitaja majibu tu, hadi la mwisho, na mimi sikuwa na moyo wa kumkatisha.

"Nimepata, mama?"

"Umepata yote," nikamwambia.