Nyongo Haitolewi kwa Kuchungulia

Kaka yangu alikuwa na bucha Kizwite, pale Sumbawanga mjini, na mimi nilikuwa mnunuzi wa ng'ombe. Nilizunguka minadani, nikafika Kate, nikateremka hadi bondeni kwa Wasukuma, nikabishana na watu wenye fimbo ndefu na maneno machache, kisha nikamletea yeye achinje. Ilikuwa miaka ya ruksa, serikali imefungulia biashara. Kila mtu amekuwa mfanyabiashara, hata mwalimu anauza mitumba kengele ikishalia. Nilijifunza mapema kwamba ng'ombe huhesabiwa mara mbili: mara ya kwanza wakiwa wamesimama, mara ya pili mwenye ng'ombe akishaapa.

Kaka hakuwa mtu wa hesabu. Yeye alikuwa mtu wa kisu. Machinjioni walimheshimu kwa jambo moja: hakuna aliyewahi kumwona amepasua nyongo. Anayejua kuchinja atakuambia, kuchuna ni jasho tu, kazi yenyewe ipo kwenye ini. Kile kifuko cha kijani kimejishika chini yake, kimejaa, kinateleza, na kisu kikikosea kidogo, maini yanakuwa machungu na mteja anakurudishia na matusi juu. Kaka alikuwa anafungua tumbo lote wazi, anaingiza vidole viwili, anakibandua kifuko polepole huku anapiga mluzi. Na kijana aliyekipasua, pale machinjioni walikuwa na jina lake. Walimwita "dokta". Wiki nzima: dokta lete ndoo, dokta shika mkia.

Sasa mtu huyo ndiye aliyeugua nyongo.

Ilianza kama tumbo la kawaida. Anakula nyama yenye mafuta, anakaa kidogo, kisha anainamia gogo la kukatia kama mtu aliyeangusha sarafu. Shemeji, mke wake, akasema ni chango. Mimi nikasema ni tamaa. Yeye akasema tumwache afanye kazi. Mwisho maumivu yakapanda hadi begani, akatapika mbele ya wateja, na bucha ambayo mwenyewe anatapika haina haja ya mshindani. Tukampeleka hospitali.

Wakampaka mafuta ya baridi tumboni, wakampitishia kile kidude cha picha. Daktari alikuwa kijana, mpole, mwenye kalamu nne mfukoni. Nilizihesabu tena wakati anazungumza. Zilikuwa nne kweli.

"Mzee," akamwambia kaka, "mfuko wako wa nyongo una mawe."

Kaka akaanza kucheka, akakatishwa na maumivu. "Ng'ombe mwenye mawe ya nyongo nikimpata nafurahi, dokta. Kuna watu wanayanunua kwa bei kubwa. Basi msinichinje mpaka bei ipande."

Daktari hakucheka sana. Akatueleza kwamba mawe yale hayayeyuki kwa dawa alizonazo, na mfuko wenyewe inabidi utoke. Njia zipo mbili. Ya kwanza ni hapa hapa Sumbawanga: anakatwa chini ya mbavu, kovu la kiganja kizima, anakaa wodini, na atachukua muda kabla ya kuinua paja la ng'ombe tena. Ya pili ni mpya. Kuna hospitali ya binafsi Dar imeleta mashine. Hawafungui tumbo. Wanatoboa matundu manne madogo, wanaingiza kamera, wanaangalia kwenye televisheni, wanaukata mfuko kwa vyuma virefu na kuutolea karibu na kitovu. Mtu anarudi nyumbani upesi, kidonda hakina habari.

Mimi kusikia bidhaa mbili zimewekwa mezani, mdomo ukaanza wenyewe. "Matundu manne ya nini, dokta? Kamera moja, kisu kimoja. Fanya mawili."

"Mzee, hapa hatupunguzi."

"Matatu, basi, tusikuangushe."

Shemeji akanifinya. Kaka alikuwa anamwangalia daktari kama anavyoangalia kwato za ng'ombe anayemtilia shaka.

"Mtu anaangalia televisheni," akasema, "huku anatoa nyongo?"

"Ndiyo. Tena anaona vizuri kuliko kwa macho."

"Tumbo halijafunguliwa."

"Halijafunguliwa."

"Nyongo haitolewi kwa kuchungulia, kijana wangu. Mimi nimezitoa tangu hujaanza shule." Akajiweka sawa kitandani. "Haya, tuseme ni hapa kwako, umefungua. Umeshatoa ngapi?"

"Kadhaa."

"Na umepasua ngapi?"

Hapo ndipo jambo lilipoharibika. Daktari angeweza kusema hata moja, tukaweka sahihi, tukaenda zetu. Muuzaji yeyote wa mnadani angesema hata moja. Lakini yule kijana alikuwa mkweli, na mkweli sokoni hurudi nyumbani na mzigo wake.

"Inatokea," akasema. "Hapa, na huko Dar pia. Ikipasuka kidogo tunaosha, tunanyonya maji yote, tunaendelea. Mwilini haina madhara kama unavyofikiri. Si kama kwenye nyama."

Kaka akateremsha miguu chini, akatafuta viatu.

"Unakwenda wapi?" shemeji akauliza.

"Nimeshamjua," kaka akasema. "Ni dokta."

Sisi wawili tulielewa. Daktari hakuelewa, akaitikia, "Ndiyo, mzee." Nilicheka. Ndiyo mara ya mwisho nakumbuka kucheka katika jambo hili.

Nje, kwenye ngazi, nilimbembeleza kwa njia zote ninazozijua. Pesa haikuwa tatizo. Nilikuwa na ng'ombe wa kuuza, na yeye alikuwa na wake. Nikamwambia twende Dar, tukiona mashine hatuipendi tunarudi, kuangalia ni bure. Nikamwambia basi la Tunduma linaondoka asubuhi, tutalala Mbeya.

"Uza ng'ombe wako utengeneze nyumba," akasema. "Mimi nyongo yangu haijapasuka. Kwa nini nimpelekee mtu anayeniambia kwa mdomo wake mwenyewe kwamba ataipasua?"

"Hakusema ataipasua. Alisema inatokea."

"Kwa nani inatokea? Kwangu haijatokea."

Ni kweli, kwake ilikuwa haijatokea.

Shemeji alijaribu kwa njia ya kanisa, akamleta katekista. Katekista akasali vizuri, kisha akasema kwamba hata yeye ana shangazi ambaye ugonjwa wake haukutaka kisu. Alipokatwa tu, akaenda. Hilo neno likaingia nyumbani likapewa kiti. Nyongo haitaki kisu. Majirani walilirudia, na kila aliyelirudia alikuwa na shangazi. Mzee mmoja wa upande wa bondeni akaleta mizizi ya kutapisha nyongo, maana kwetu mwenye nyongo hutapishwa. Kaka akanywa, akatapika maji ya kijani kwenye beseni, akanionyesha kwa furaha.

"Unaiona? Imetoka. Bila kisu."

"Na mawe?"

Akalichungulia beseni. Mawe hayakuwamo. Nililichungulia mara ya pili, yeye alipokwisha kujilaza.

Kwa muda alikaa vizuri. Alikula ugali wa ulezi na mboga bila mafuta, akafungua bucha, akapiga mluzi. Mtu akimuuliza hali, anasema amewashinda watu wa televisheni. Halafu macho yakaanza kuwa ya njano. Akavaa miwani ya jua ya mitumba, akasema ni vumbi. Asubuhi moja, duka limejaa, alikuwa anampimia mama mmoja nyama ya mbavu akaacha kisu kwenye gogo, akakaa chini polepole, mikono yote imekumbatia tumbo. Homa ilikuwa inawaka. Tulimbeba juu ya mlango wa bucha. Tuliung'oa, hatukuwa na kingine.

Safari hii hakuna aliyetaja njia mbili. Yule yule daktari alimgusa tumbo, akalikuta gumu kama ubao, akasema tu, "Sasa." Kaka akaweka dole gumba kwenye karatasi ya kukubali. Wakampa nusukaputi, wakamfungua kutoka kwenye mbavu hadi chini ya kitovu. Daktari alipotoka alikuwa amechoka. Akatuambia mfuko umeshaoza na kupasuka wenyewe humo ndani, siku nyingi kidogo, na usaha umetapakaa. Wameosha walivyoweza. Kidonda hawakukifunga chote, ili uchafu uendelee kutoka.

"Angekuja mapema," shemeji akasema. Halikuwa swali.

"Angekuja mapema, mama, ningekuwa na kazi ndogo."

Kaka akazinduka. Alikuwa na akili zake, sauti tu ndiyo imepungua. Homa ilipanda, ikashuka, ikapanda zaidi. Kwenye kitanda cha pili wodi ya wanawake, ng'ambo ya korido, alikuwepo mama kutoka Wampembe, kule ziwani, muuza dagaa, ambaye naye ameambiwa ana mawe kwenye nyongo na amepewa zile njia mbili. Watu wakamwambia kuna baba upande wa wanaume aliyefanyiwa upasuaji huo. Akaja, kanga begani, akasimama miguuni pa kitanda.

"Shikamoo baba. Pole."

"Marahaba."

"Samahani. Mimi nimeambiwa nichague. Wewe ulichagua ipi?"

"Mimi sikuchagua, mwanangu. Nilingoja." Akavuta pumzi. "Wewe usingoje. Nenda Dar kwenye matundu. Ukishindwa Dar, katwa hapa hapa, lakini wiki hii. Hiki nilicho nacho si cha daktari. Hiki ni cha kungoja. Ngoja nikuonyeshe."

Akafunua shuka. Nilitaka kumshika mkono nikachelewa. Jeraha lilikuwa pana, lekundu, limeshindiliwa kitambaa, na mrija unatoka pembeni, na harufu. Aliliacha wazi makusudi, kama anavyoliacha paja zuri juu ya meza mteja alione.

Yule mama akaweka kanga mdomoni. Akasema, "Asante, baba." Akaondoka taratibu, kwa heshima.

Baadaye nesi alipita akisema kitanda cha yule mama ni kitupu, amechukua mkeka na sufuria yake. Kaka akasikia.

"Mfuate," akaniambia. "Hajaelewa. Mwambie hajaelewa."

Nilikimbia hadi stendi na tumbo langu hili. Gari la Wampembe, lori lenye maturubai, lilikuwa limeondoka. Wapiga debe walikuwa wanagawana chao. Niliuliza wawili. Wote walisema mama mwenye mkeka alipanda, alikaa mbele.

Mimi naishi kwa kuongeza chumvi. Nimeuza ng'ombe wazee kama mitamba. Lakini niliporudi na kaka akaniangalia, nilikosa cha kuongeza.

"Gari limeondoka," nikasema.

Akafunga macho. "Kesho kuna jingine."

Nikamwambia ndiyo. Gari la Wampembe haliendi kila siku, na aliyenifundisha hivyo ni yeye, alipokuwa ananituma kununua mbuzi huko. Lilipoteremka tena tulikuwa tumeshamzika.