Vikombe vya Mama Wachuka

Ukimuuliza Wakonyo ana watoto wangapi, atakuuliza kama unataka kuwanunua. Atakutajia majina: Wachuka, Muriithi, na yule kitinda mimba anayependa kulia. Jumla utaitafuta mwenyewe. Kwetu wazee walikataza kuhesabu watu, ati ukiwahesabu unawaitia balaa. Sisi tuliosoma tulikuwa tumeyaacha hayo. Wakonyo hakuyaacha, na mwaka wa 1969 nusura yamnyime beji.

Tulikutana kwenye mafunzo ya viongozi wa kujitolea, kando ya msitu wa Kabaru. Mimi nilikuwa karani mjini Nyeri, nimekwenda msituni na viatu vipya kama mjinga. Yeye aliuza viazi soko la Chaka. Tulikuwa watu wazima kumi na wanane, tukijifunza kufunga mafundo, kusimamisha hema na kuwasha moto kwa kuni mbichi, ili twende tukaongoze skauti na vijana wa makanisa. Wakonyo alikuwa na haja moja tu. Wasichana wa kanisa lake walikuwa wamezuiwa kwenda kambini mwaka uliotangulia kwa kukosa mama mwenye beji, na mwezi wa nane ulikuwa unakaribia tena.

Mwalimu wetu, Bwana Bipin, alikuwa na duka la vitambaa mjini. Mtu mpole, ila kwa hesabu hakuwa na mchezo. Kila mmoja wetu alipangiwa siku ya kuongoza wenzake msituni, sisi wengine tukijifanya watoto. Ukirudi unajaza karatasi: waliotoka ni wangapi, waliorudi ni wangapi. Wakonyo alituongoza vizuri kuliko wote, kisha akaandika mara mbili: Wote.

“Mama Wachuka, hapa nataka namba,” Bwana Bipin alimwambia.

“Nimeandika wote.”

“Wote ni wangapi?”

“Ni wote, Bwana Bipin. Hakuna mwenye amebaki.”

“Kiongozi mwenye hawezi kuhesabu watoto, mimi siwezi kumpatia watoto. Kesho kutwa tunafunga. Andika namba, ama urudi Chaka bila beji.”

Nilimkasirikia Wakonyo, nakiri. Tulipokuwa tukisugua sufuria nilimwambia, “Si uandike tu kumi na nane? Mungu hawezi kukuua kwa sababu ya karatasi.”

Alinyoosha mkono kuelekea ukingo wa msitu. “Unaona ile handaki? Mimi niliichimba wakati wa Emergency, Wazungu walitulazimisha ati wapiganaji wasitoke msituni. Asubuhi tunahesabiwa na fimbo, jioni tunahesabiwa na fimbo. Mama akikufa, analetwa mwingine, namba inatimia. Hakuna mtu aliuliza ni nani hayuko.”

Niliendelea kusugua. Sufuria ilikuwa imetakata zamani.

Kesho yake Bwana Bipin alituongoza mwenyewe, atuonyeshe inavyofanywa. Nyuma kabisa alimweka mwenzetu Gatimu, mwalimu wa shule, na filimbi. Wakonyo alitangulia kurudi akabandika chai. Ukungu ulishuka kutoka mlimani hata sikumwona aliye mbele yangu. Tulipofika kambini, ukungu ungali mzito, Bwana Bipin alitupanga mstari, akatupitia akimgusa kila mtu bega, hadi kwa Wakonyo pale motoni. “Kumi na saba, kumi na nane. Tumetimia.”

Kila mmoja wetu alikuwa amekuja na kikombe chake kutoka nyumbani, na Wakonyo alivijua vyote. Changu kilichovunjika mkono alinipa kwanza. Akaendelea hivyo, kisha akasimama ameshika kimoja cha bluu, kilichobanduka rangi mdomoni.

“Mwalimu Gatimu ako wapi?”

“Yuko,” alisema Bwana Bipin. “Nimehesabu.”

“Kikombe yake ndiyo hii. Na huyu mzee hana kikombe.”

Tuligeuka. Katikati yetu alisimama mzee mwenye koti refu, kofia imeshuka hadi masikioni, na panga la kukatia kuni kwapani.

“Mimi ni Wamae,” alisema bila haya. “Nimesikia harufu ya chai, nikaona watu wamepiga laini, nikapiga laini. Bwana akanigusa bega, nikajua nimekubaliwa.”

Tulicheka. Kisha tukakimbilia makoti, maana Gatimu alikuwa huko kwenye baridi.

Mzee Wamae ndiye aliyejua njia. Tulimpata Gatimu baada ya karibu saa nzima, chini kabisa ya lile handaki, kifundo cha mguu kimevimba, meno yakigongana hata midomo ilishindwa kubana filimbi. Niliogopa sana nilipomwona. Wakonyo ndiye aliyeshuka. Alikuwa amembebea chai yake ndani ya chupa, isiyo na maziwa, vile anavyoipenda.

Tuliporudi, Bwana Bipin alikaa juu ya gogo, ile karatasi mkononi. “Mama Wachuka, mimi nilihesabu vizuri.”

“Ulihesabu vizuri sana,” Wakonyo alimjibu. “Hata mimi nilikusikia.”

Alipewa beji siku iliyofuata. Nilidhani ni huruma tu, au aibu ya mwalimu, na nilitaka sana kujua. Kwa hiyo mwezi wa nane, Bwana Bipin alipokwenda kukagua kambi ya wasichana wa Chaka, nilimfuata.

Wasichana walikuwa wengi, wakikimbizana kila upande. Bwana Bipin alitoa kalamu. Akatazama vikombe vilivyopangwa juu ya ubao, kila kimoja na sura yake.

“Mama Wachuka,” akauliza, “nani hayuko?”

Wakonyo alipitisha macho pole pole, midomo ikitaja majina. “Hakuna.”

Bwana Bipin akainama, akaandika: Wote.