Nilipokataa Kupunguziwa Watoto

Nilianza ualimu mwaka ule tuliokula magimbi bila chumvi, asubuhi na jioni, mpaka ndimi zikawasha. Chumvi ilikuwa imepotea madukani. Niliingia darasani katika kijiji cha Litumbandyosi na elimu yangu ya darasa la saba, maana walimu walitafutwa mpaka kwetu sisi, tukafundishwa kazi tukiwa kazini. Siku hiyo ya kwanza mwalimu mkuu alinipa chaki moja.

“Binti, andika herufi kubwa,” akasema. “Wa nyuma naye ni mtoto wa mtu.”

Wakati huo kila mkondo ulikuwa na mwalimu wake. Mkondo ni fungu la darasa: la pili A, la pili B. Nilipita kila dawati, nikashika mkono wa mtoto, penseli ikatembea. Nilikuwa hodari, sitaficha.

Nilipohamishiwa Ngumbo, ziwani, soko huria lilikuwa limeingia. Wanunuzi binafsi wa kahawa walijaa milimani, na walimu wanaume wakaacha chaki wakaenda kuwapimia. Chumvi ikarudi madukani, walimu wakatoweka. Mikondo ikaunganishwa. Watoto waliandikia mapajani, wengine wakachungulia dirishani. Daftari za kusahihisha nilizibeba kwenye ungo kichwani, kama naenda kuanika usipa, dagaa wetu wa ziwa hili.

Wenzangu wakanichagua mwakilishi wao katika chama cha walimu. Walinichagua kwa mdomo wangu. Tukakubaliana: hakuna kwenda ofisini mmoja mmoja. Tunataka kukaa mezani na mwajiri, tupatane mwalimu mmoja apewe watoto wangapi na vipindi vingapi, pande zote mbili zitie sahihi.

Akaja afisa elimu, kijana mpole, viatu vimejaa mchanga.

“Shikamoo, Mama.”

“Marahaba. Meza iko wapi?”

Akacheka. “Mama nawe! Kupatana na walimu wote sina mamlaka. Lakini wewe umechoka, naona. Chukua darasa la saba, watoto wake wachache. Yaishe.”

“Na wenzangu?”

“Waje mmoja mmoja, tutawasikiliza.”

Mgongo ulikuwa unaniuma mpaka nalala nimekaa. Nikamwambia: “Ahueni ya peke yangu siitaki. Wa nyuma naye ni mtoto wa mtu.”

Wenzangu wakaenda mmoja mmoja. Mwalimu Komba akapata uhamisho wa mjini. Mwalimu Fidea, rafiki yangu wa kuazimana chumvi, akalichukua lile darasa la saba.

“Dada, kiburi chako kimekupunguzia watoto wangapi?” akaniuliza, mbele ya wote.

Wakacheka. Tangu hapo nikiingia ofisi ya walimu wakati wa mapumziko, maongezi yanakatika. Nikahamia kizingiti cha darasa langu, nikasahihisha huko nikitazama ziwa, uji wangu unapoa pembeni. Miaka yangu yote iliyobaki ilikwenda hivyo. Meza ile sikuiona. Siku ya kustaafu nilipewa vitenge na wimbo, nikarudi nyumbani na ungo wangu.

Siku hizi nasikia haki ya kujadiliana kwa pamoja imeandikwa kwenye sheria. Vizuri. Lakini sheria haiwezi kukaa mezani badala yenu. Nyie walimu vijana, mkiitwa mmoja mmoja, mtaitika?

Juzi mwalimu mkuu wa shule ya hapa Ngumbo alikuja nyumbani. Nilimfundisha kusoma mimi mwenyewe. Mjukuu wangu Skola yuko shuleni kwake, la pili B, anakaa chini huko nyuma kabisa, jina lake bado hajui kuliandika. Jioni namwandikia kwa mkaa sakafuni.

“Bibi, kwa heshima yako,” akasema, “Skola tutamhamishia mkondo A. Kule watoto wachache, na madawati yapo.”

“Na hao anaokaa nao?”



Binti yangu, mama yake Skola, akanishika goti. “Mama, kubali. Safari hii si wewe, ni mtoto.”

Skola alikuwa mlangoni, vidole vyeusi kwa mkaa, ananitazama. Binti yangu naye ananitazama, kwa macho yaleyale ya Fidea. Najua atakaa siku nyingi bila kunisemesha, na nyumba hii ina watu watatu tu.

Nikamwambia mwalimu mkuu: “Ahueni ya peke yangu siitaki. Wa nyuma naye ni mtoto wa mtu.”