Ujira wa Palizi

Tulifunga mgahawa wetu pale Mikumi bila kugombana, na hilo ndilo lililonishangaza. Mimi na mume wangu tuligombania kila kitu, mpaka chumvi ya maharage. Lakini malori yalipoanza kupita bila kusimama, na madereva waliosimama wakawa wanaagiza chai tupu, yeye akawa mtu wa redio. Dola imepanda, mafuta yamepanda, huko mbele ni kubaya zaidi. Jioni moja akasema, "Twende kwa baba. Ardhi haifilisiki." Nikakunja meza. Sikulia, sikufurahi. Nilikuwa kama mkono uliolaliwa.

Baba mkwe alishafariki zamani. Mji wake uko Zombo: nyumba ya tofali za kuchoma, jiko la nje, na shamba lililogeuka pori. Hata vyombo hatujamaliza kushusha, majirani wakaja na majembe yao. Mimi nikadhani mume wangu kawakodi. Yeye akadhani wanatafuta kibarua. Nikapika makande sufuria ile kubwa ya mgahawa, na hadi jua linashuka pori lilikuwa limekwisha.

Mume wangu hapendi deni, ni mtu wa kaunta. Akatoka na noti, akampa kila mmoja yake. Wakatazamana. Mama mmoja wa mji wa jirani, mtu mzima aliyemfahamu mume wangu tangu hajaota meno, aliipokea kwa mikono miwili, akaifunga kwenye pindo la khanga bila kuitazama. "Asante, baba," akasema. Mume wangu akaingia ndani kifua mbele. Hapa hatudaiwi na mtu, akaniambia.

Kesho yake tuliwasikia wakilima kwa mwenzao ng'ambo ya korongo, wanataniana na kucheka. Hatukuitwa. Wala mimi sikujiuliza kwa nini.

Mahindi yakaota, magugu yakaota zaidi. Hela ya kuuza meza na majiko tulishaimalizia kwenye mbegu na bati. Watu wawili tusingeliweza shamba lile, na magugu yakitangulia hakuna mavuno, na bila mavuno hatuna pengine pa kukimbilia. Mume wangu akapita nyumba kwa nyumba kuomba msaada. Walimkaribisha vizuri, wakamtajia bei. Akarudi anafoka kwamba siku hizi hata watu wa kijijini wameharibika. Nikacheka, na kilikuwa kicheko changu cha kwanza tangu tuhame, ila hakikuwa kizuri.

Nikamwendea yule mama. Shikamoo, marahaba, akanisogezea kigoda. Nikamuuliza tumekosea wapi. Aliendelea kuchambua mchicha wake kwanza. Huku tunalima kwa zamu, akanieleza, leo kwako, kesho kwangu, na mwenye shamba anapika. Halafu akasema taratibu, "Mwanangu, mtu akishalipwa, zamu imekwisha. Nyie mliimaliza siku ile ile."

Sikumwambia mume wangu. Alfajiri nikabeba jembe, nikaenda shambani kwa yule mama, nikaingia kwenye mstari. Hakuna aliyenifukuza. Wakanitania nilivyolishika jembe, eti hilo si mwiko, mama ntilie. Nikacheka nao. Kufika saa sita mgongo uliniuma hasa, nami nikashukuru angalau nasikia kitu. Tukala makande chungu kimoja. Moyoni nikasema, basi, wakija kwetu wiki ijayo mahindi yatapona.

Wakati nafuta udongo kwenye jembe, yule mama alinijia. Akafungua pindo la khanga, akanipa noti. Nikamwambia mama, mimi nimekuja kusaidia tu.

"Najua," akasema. "Chukua, mwanangu. Hatupendi kudaiwa na wageni."

Wageni. Na kaburi la baba mkwe liko nyuma ya nyumba yetu, yule mama mwenyewe alilia pale. Nikaipokea kwa mikono miwili. Nikashukuru, kama inavyotakiwa.

Nyumbani nilimkuta mume wangu na redio yake. Nikaiweka ile noti pembeni, nikamwambia nilikuwa napalilia kwa jirani. Akaichukua, akainyoosha juu ya paja, akatabasamu. Sikumbuki lini niliona tabasamu lake mara ya mwisho.

"Unaona?" akasema. "Hata huku hela ipo. Kesho urudi."

Nikaenda kupuliza moto.